Soda Moja na Nauli: Huko Ndiko Kushirikishwa?



Liko neno limeingia huku kwetu Bongwe, nalo limenenepa upesi kuliko watoto wetu. Neno hilo ni "kushirikisha jamii". Lasemwa na mabwana wa mashirika, lasemwa na maofisa, lasemwa na meneja wa hoteli siku anapokabidhi vitanda viwili vikuukuu kwa zahanati huku mpiga picha akimzunguka. Mimi si mtu wa kuchukia maneno. Lakini neno likila sana bila kufanya kazi, hapana budi liulizwe: wewe umeletwa na nani, na wafanya kazi gani hapa?

Nitawaeleza mkutano mmoja niliohudhuria mwenyewe, nanyi mtaona kama hamkuwahi kuhudhuria ndugu yake. Ulifanywa chini ya mwembe, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi. Liangalieni jambo hilo kwanza: saa nne, siku ya kazi. Mimi nilikuwa na siku yangu ya mapumziko, maana sisi watu wa dobi hupumzika kwa zamu. Wenzangu wa hoteli walikuwa hotelini, vibarua wako kwenye mijengo, kina mama wengi wamekwenda sokoni Ukunda. Basi hiyo "jamii" iliyoshirikishwa ilikuwa wazee tisa, kina mama wenye watoto wachanga, vijana wa bodaboda waliosimama pembeni bila kuzima pikipiki zao, na mimi.

Wageni walikuja kwa magari mawili. Wakatundika kitambaa chenye maandishi. Wakatuuliza, "Shida zenu za afya ni zipi?" Tukasema. Maji. Dawa za zahanati kwisha kabla ya mwezi kwisha. Mama kushikwa na uchungu usiku na gari hakuna. Kijana mmoja akaandika yote juu ya karatasi kubwa kwa kalamu ya rangi, akapigwa picha akiandika, na karatasi nayo ikapigwa picha yake. Kisha tukatia sahihi mara tatu: sahihi ya kuhudhuria, sahihi ya soda, sahihi ya nauli.

Bibi mmoja, mtu mzima sana, akainua mkono. Akasema, "Wanangu, mwaka jana walikuja wenzenu wakatuuliza maneno haya haya, tena kwa karatasi kubwa kama hii. Je, ile ya kwanza mmeisoma?" Wageni wakacheka kwa adabu. Mkubwa wao akasema swali ni zuri sana. Likaandikwa nalo kwa kalamu ya rangi.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Karatasi zote mbili hatukuziona tena, ila naamini ziko mahali zimehifadhiwa vizuri, na kila moja imehesabiwa kwamba watu wa Bongwe walishirikishwa.

Ndugu zangu, sisi tulio katika chama hatuna haki ya kudanganywa na jambo hili, kwa sababu tumekwisha kuliona kazini. Tajiri akiwakusanya wafanya kazi katika chumba cha kulia, akawaambia "sisi sote ni familia moja", akaweka sanduku la maoni karibu na mlango wa jikoni, je, hayo ni mapatano? Hapana. Kila mwanachama ajua. Mapatano ni karatasi iliyotiwa sahihi na pande mbili, ina tarehe, ina viwango vya mshahara, na mmoja akiivunja aweza kupelekwa mahakamani. Sanduku la maoni ni sanduku la maoni. Sasa kwa nini tukitoka geti la hoteli, tukafika kijijini, tunasahau tofauti hiyo? Kwa nini habari za mshahara tunadai mapatano, na habari za uhai wa watoto wetu twaridhika na sanduku la maoni na soda ya moto?

Nawasikia wako watakaosema: "Wewe dobi, habari za zahanati si kazi ya chama. Chama ni mshahara na saa za kazi." Wasemao hivyo hawaijui historia ya pwani yao. Mwaka 1939, miezi ya Julai na Agosti, wafanya kazi wa Mombasa waligoma. Waligomea nini? Katika madai makubwa ya siku zile yalikuwamo ya nyumba na kodi ya nyumba, kwa kuwa watu walikuwa wamesongamana katika vyumba visivyofaa hata kuku. Mkoloni akalazimika kuunda tume ya kuchunguza. Tena tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi mjini Mombasa, bandarini, relini, mahotelini na majumbani mwa matajiri, kwa muda wa karibu wiki mbili, wakikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Walidai mshahara, naam. Lakini mshahara waliudai kwa ajili ya chakula, nguo na mahali pa kulala. Wazee wale hawakutenga mwili wa mtu kazini na mwili wake nyumbani. Ni mwili mmoja. Ukipata kichocho kwenye bwawa la kijijini, nguvu zinazopungua ni zile zile anazozinunua tajiri kwa mwezi, naye atakuandikia barua ya onyo kwa uvivu.

Nimetaja kichocho kwa makusudi. Msambweni ni mahali palipoandikwa sana katika vitabu vya madaktari wa dunia kwa sababu ya ugonjwa huo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 wamekuja wataalamu, wakapima mikojo ya wanafunzi wa shule mwaka hata mwaka, wakawapa dawa. Dawa hiyo ni nzuri, nami siikatai. Huua minyoo iliyomo mwilini. Lakini haimzuii mtoto kuingia majini kesho yake. Wataalamu wenyewe waliandika kwamba watoto waliotibiwa waliambukizwa tena. Hapana ajabu: konokono wamo bwawani, mama anafua bwawani, mtoto anaoga bwawani, na aliyekojoa damu jana amerudi kukojoa mle mle. Mwenye kuweza kukata mnyororo huo ni kijiji chenye maji ya namna nyingine na vyoo vyake.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wa nyumba yetu hii ya kusini tunayo hadithi yetu wenyewe, tena ya kweli, nasi tumeiacha iende ikasimuliwe na wageni.

Mwaka 1983 ulianza huku kwetu mradi wa pampu za mkono. Serikali ilikuwamo, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwamo, Waswidi walitoa fedha, na shirika la hapa nchini liitwalo KWAHO, yaani la Maji kwa Afya, likapewa kazi ya kukaa na watu vijijini. Pampu za zamani zilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa. Ikiharibika, mabomba yake ni ya chuma mazito. Lazima lije lori na watu wenye vyuma vya kunyanyulia. Lori hilo huitwa kwa barua, barua hulala mezani, na kina mama hurudi kwenye kisima cha wazi na kwenye bwawa. Basi mafundi walijaribu pampu za namna nyingi katika ardhi yetu hii, wakaziangalia zikivunjika mikononi mwa watu wetu, na katika majaribio ya Kwale pamoja na yale ya Malawi ndimo ilimopatikana pampu iitwayo Afridev. Leo yatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Bomba lake ni la plastiki. Pistoni yake huvutwa juu bila kung'oa bomba. Spana moja yatosha kwa kazi karibu yote.

Waliofundishwa kuifungua na kuifunga walikuwa kina mama. Sidhani kama wanaume hawakucheka. Lakini hao kina mama hawakuulizwa tu "shida zenu ni zipi?" Walipewa spana. Walichaguliwa katika kamati, wakashika daftari la michango, wakawa watunza hazina, na vikundi vikafungua akaunti benki ili ya spea ipatikane siku pistoni inapochakaa. Nasema hivi kwa sauti ili kila aliye nyuma asikie: walipewa spana na walipewa daftari. Mwenye spana na daftari haombi tena, hata kama ni maskini, na ofisa akija hapo hukuta watu wenye mali yao.

Sasa nisije nikawaongopea, kwa maana gazeti la chama likianza kusema uongo mzuri litakuwa sawa na kile kitambaa cha mwembeni. Si pampu zote zilizoendelea. Ziko kamati zilizokufa. Mtunza hazina aliolewa kijiji kingine, daftari likapotea. Pengine fedha zilikopeshwa mtu mkubwa wa kijiji, na nani atamdai? Mvua za masika zikinyesha maji yapo kila mahali, watu huacha kulipa. Kiangazi kikiingia pampu imekwama na mfuko mtupu. Na zaidi ya hayo yote, kina mama walichoka. Wamefanya kazi ya fundi, ya karani na ya mpiga mbiu miaka kwa miaka, bila senti moja, juu ya kazi zao za shamba na jiko.

Ndipo katika miaka ya karibuni, baada ya utafiti ambao Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwamo, ikaanzishwa hapa Kwale kazi ya mafundi wanaolipwa, FundiFix. Kijiji hulipa kiasi kidogo kila mwezi, na pampu ikiharibika fundi huja katika siku chache badala ya wiki nyingi. Angalieni, wafanya kazi wenzangu, kilichobadilika. Pampu ni ile ile na watu ni wale wale, ila sasa kazi inaitwa kazi, na mwenye kuifanya hulipwa ujira.

Nami hapo ndipo ninapotaka kumkamata koo huyu ndugu yake "kushirikisha", aitwaye "kujitolea".

Mtazameni mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Pengine ni mke wako, au dada yako, au mama mkwe wako. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu hao 100,000 nchi nzima, kwa sherehe kubwa Nairobi, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, kipimajoto na mizani, na simu za kuandikia habari. Kila mmoja hupewa kaya mia moja hivi kuzitembelea. (Wazee wasiudhike: si zile Kaya zetu za msituni, Kinondo na nyinginezo, ofisini "kaya" sasa ni nyumba ya mtu na jiko lake.) Mikoba ni mizuri. Kazi ni nzuri mno, tena ndiyo kazi yenyewe: kumjua mama mwenye mimba kabla hajafika saa ya hatari, kumjua mzee aliyeacha vidonge vya shinikizo kwa sababu vimekwisha, kumjua mtoto aliyekosa chanjo, kumjua mgonjwa wa kifua kikuu anayejificha. Daktari aliyeko Msambweni hawezi kuyajua hayo hata angekuwa na macho kumi.

Wanalipwa nini? Shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na wengi katika nchi hii wamelalamika kwamba hata hiyo huchelewa. Haiitwi mshahara. Huitwa posho. Kwa nini iitwe posho? Kwa sababu ingeitwa mshahara ingekuwa ni kuvunja sheria: amri ya mishahara ya chini ya mwaka 2022 hata kwa kibarua wa shamba asiye na ujuzi ilipita shilingi 7,500 kwa mwezi. Basi mtu anayepima damu na sukari ya kaya mia moja yu chini ya mpalilia magugu kwa kalamu ya serikali, na njia ya kuliepusha jambo hilo na aibu ni kumwita mwenye kujitolea.

Nauliza: mbona hatujasikia mkandarasi wa barabara akijitolea? Mwenye kuuza dawa kwa serikali, hujitolea? Yule bwana wa magari mawili chini ya mwembe, mafuta yake alijitolea? Kujitolea kumekuwa kazi maalum ya maskini, tena zaidi ya mwanamke maskini. Na chama chetu, kinachojua kupiga kelele kibarua wa jikoni anapofanyishwa saa za ziada bila malipo, hakijasema neno kwa ajili ya mwanamke huyu apitaye mbele ya nyumba zetu na mkoba wake jua la saa saba. Hiyo ni aibu yetu, si ya mtu mwingine. Wahudumu hawa ni wafanya kazi. Wastahili mshahara, bima ya kuumia kazini, na chama.

Tena tusiwe watu wa kuwalaumu wauguzi na madaktari kila wanapogoma. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma kwa miezi mitano, na tuliumia, sikatai. Wako waliokufa mikononi mwa jamaa zao. Lakini muuguzi aliye peke yake zahanati, anayezalisha, anayechoma sindano, anayeandika vitabu na kufagia, anapodai wenzake waajiriwe anadai kwa ajili yetu. Tungekuwa tumekaa katika kamati ya zahanati tangu mwanzo tungeyajua madai yake kabla hajafunga mlango.

Basi nifike kwenye kamati, maana hapo ndipo penye kisu chenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya afya na haki ya maji safi. Tangu 2013 zahanati na hospitali zetu ziko mikononi mwa kaunti. Na mwaka 2023 zikapitishwa sheria kadhaa za afya kwa pamoja. Mojawapo yasema fedha ambazo kituo cha afya kinakusanya zibaki kituoni zitumike pale pale, zisizunguke kwanza makao makuu. Nayo yataka kamati ya usimamizi ambayo wakaazi wamo. Someni tena. Fedha zabaki kituoni, na kamati ina wakaazi. Hii si karatasi ya kalamu ya rangi. Hili ni daftari na hii ni spana! Na sisi tu wapi? Twajua majina ya wachezaji wa mpira wa Uingereza mpaka walio benchi. Nani kati yetu ajua jina la mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kwao? Mimi nilipouliza swali hili katika chumba chetu cha dobi, watu kumi na mmoja, hapana aliyejua. Nami mwenyewe nilikuwa sijui, ndiyo maana niliuliza.

Mahali pasipo mfanya kazi, hukaa rafiki wa mkubwa. Kamati isiyoulizwa hesabu itajifunza upesi kutotoa hesabu. Kisha dawa zikikosekana tutanung'unika katika matatu ya kwenda Msambweni na nauli yetu mkononi.

Hali hiyo hiyo iko kazini. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na kanuni zake zataka wajumbe wa wafanya kazi wawe sawa kwa idadi na wa tajiri. Nilipata kufanya kazi katika hoteli moja, siitaji, ambapo majina ya kamati hiyo yalibandikwa ubaoni, yamechapwa vizuri, na mmoja wa "wajumbe wa wafanya kazi" alikuwa amekwisha kuacha kazi miaka miwili. Dawa za kufulia zilitutoa machozi na kututoboa vidole, na glavu zilikuja siku ya ukaguzi. Aliyeliacha jina lile ubaoni ni tajiri, lakini sisi tulipita mbele ya ubao huo kila asubuhi.

Watu wengine hutumainia wafadhili. Nami nasema: mpe asante mwenye kutoa, usimpe uongozi wa afya yako. Kampuni ya Base Titanium ilichimba madini Maumba na Nguluku tangu mwaka 2013, ikasaidia ujenzi wa shule na majengo ya afya. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma, kama ilivyojulikana tangu mwanzo kwamba mchanga una mwisho. Jengo lilijengwa; nani amlipe muuguzi wa jengo hilo miaka ishirini ijayo? Vivyo hivyo zawadi za watalii wa Diani. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia na hoteli zikafungwa, watalii walikwenda kwao na zawadi zao, nasi tukarudishwa nyumbani bila mshahara. Mwezi ule ule tulipohitaji zaidi matibabu ndio mwezi michango yetu ya bima iliyokatwa mishaharani ilipokatika.

Hilo la bima bado liko, kwa jina lingine tu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa ile NHIF ya tangu 1966. Twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima, bila kikomo, na tajiri haongezi hata senti moja juu yake. Aliye na kazi ya mwaka mzima atavumilia. Lakini sisi wa msimu? Pasaka ikipita, mvua ikaanza, mgeni akaondoka, barua za "likizo bila malipo" hutoka. Hapo mfanya kazi huhesabiwa kuwa mtu wa kujilipia mwenyewe, tena alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, mfukoni hana hata ya unga. Mtu huyu amekatwa miezi minane, na mwezi wa tisa mkewe akilazwa ataambiwa hajalipa. Jambo hili lataka kuingizwa katika mapatano yetu na matajiri wa hoteli: ampelekaye mtu nyumbani kwa sababu ya msimu aendelee kumlipia bima mpaka amrudishe. Alitunza bwawa la kuogelea la wageni mvua yote. Atutunze na sisi. Wakati huo huo kila mmoja ajue kwamba matibabu ya msingi ya zahanati na kituo cha afya yamewekewa mfuko wa serikali kwa aliyejiandikisha, hata asiyekatwa. Ukiambiwa ulipe pale, uliza kwa adabu ni ya nini, na uombe risiti.

Nijuavyo, barua hii itajibiwa na wakubwa kwamba Dobi ni mkorofi, hataki ushirikiano. Nataka sana! Nataka mkutano ufanywe Jumapili alasiri, watu wanapokuwa nyumbani. Nataka mkutano uanze kwa kusomwa karatasi ya mkutano uliopita, na kila jambo lisemwe limefanywa au halikufanywa na kwa nini. Nataka hesabu za zahanati zibandikwe mlangoni, fedha zilizoingia na zilizotoka, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Na nataka kila tawi la chama lichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kwenda kugombea nafasi katika kamati ya zahanati wanakokaa wanachama wengi, na wakirudi watoe ripoti kwa tawi kama wanavyotoa wajumbe wa mapatano. Wakila soda huko watuambie ilikuwa ya rangi gani.

Katika mkutano wa tawi ujao nitasimama niulize swali moja: nani ajuaye jina la mtunza hazina wa kamati ya zahanati ya kijijini kwake, na siku hesabu zilipotolewa mara ya mwisho? Ajuaye aje na majibu yameandikwa. Asiyejua apite zahanati kabla ya mkutano, amwamkie muuguzi, aulize, na aombe kuonyeshwa daftari.

Ni mimi wenu katika umoja,
DOBI WA BONGWE